Sheikh Muhammad Abduh na Matengenezo ya Chuo cha Azhar

Tumekusudia katika kijitabu hiki kueleza maisha ya Sheikh Muhammad Abduh wa Misri. Jina lake lajulikana sana katika pwani yetu. Wako wamsifuo kwa mambo asiyoyafanya, na wako wamlaumuo kwa maneno wasiyoyasoma. Sisi hatutaingia hapa katika zile fatwa zake zilizoleta mabishano, wala katika rai zake za tafsiri, kwani hayo yana mahali pake na watu wake. Tutashika jambo moja tu, nalo ni namna alivyotaka kukitengeneza chuo cha Azhar, na kwa nini aliianza kazi hiyo kwa suali ambalo wenye vyuo wengi hawajiulizi: mwanafunzi huyu akaaye kwetu miaka, twataka atoke na nini?

Alizaliwa mwaka 1849, akakulia katika kijiji kiitwacho Mahallat Nasr, upande wa Buhaira, katika nchi ya mashamba ya mto Nili. Baba yake alikuwa mkulima, si tajiri wala si fakiri, mtu mwenye heshima kijijini kwake. Mtoto alifunzwa kusoma na kuandika nyumbani, kisha akatiwa kwa hafidhi, akaihifadhi Kurani yote kwa muda wa miaka miwili hivi. Mwaka 1862 baba yake akampeleka Tanta, katika msikiti wa Sayyid Ahmad Al-Badawi, ili atengeneze tajwidi yake. Hayo akayaweza. Ilipofika zamu ya nahau, mambo yakaharibika.

Kila aliyepita darsani katika pwani yetu aijua Ajurumia. Ni kitabu kidogo, chepesi kwa mwenye mwalimu, kizito kwa asiye naye. Huko Tanta walimsomesha sherehe yake iliyoandikwa na Al-Kafrawi. Mwalimu alikaa akasoma, akataja istilahi za nahau moja baada ya moja, wala hakuna aliyewaambia watoto hawa nini maana ya istilahi hizo, wala elimu hii itawafaa kwa kazi gani. Muhammad alikaa mwaka mmoja na nusu asifahamu kitu. Hakuwa mjinga, kwani mjinga hahifadhi Kurani kwa miaka miwili. Ila alikuwa kama mtu aliyepewa makasia na asiambiwe kuwa iko mashua. Mwisho akakata tamaa, akatoroka, akajificha kwa wajomba zake. Nduguye akamtafuta akampata, akamrudisha Tanta. Akatoroka tena, akarudi kijijini, akaazimu kulima kama wazee wake. Mwaka 1865 akaoa, naye ana umri wa miaka kumi na sita.

Siku arubaini baada ya harusi, baba yake akamlazimisha kurudi chuoni. Njiani akaipinda safari, akenda kijiji cha Kanisat Urin walikokaa jamaa za baba yake. Huko alikuwako mzee mmoja, Sheikh Darwish Khadhir, mjomba wa baba yake. Mzee huyu alikuwa amesafiri hata majangwa ya Libya, akachukua huko tarika ya Kishadhili, na kazi yake ilikuwa kulima. Alimjia kijana na kitabu cha barua za sheikh wake, akamwomba amsomee, kwa kuwa macho yake yeye ni dhaifu. Kijana alikasirika akakitupa kitabu. Mzee hakumgombeza. Alikirudisha tena na tena, mpaka kijana akaona haya, akasoma mistari michache, na mzee akamweleza maana ya ile michache kwa maneno mepesi. Siku ya pili hivyo hivyo. Haukupita muda ila yule aliyekichukia kitabu alikuwa yeye ndiye akitafutaye, na hao rafiki zake wa kupanda farasi na michezo akawa hawataki tena.

Tazama, ndugu msomaji, mzee huyu alifanya nini. Hakuongeza saa za darsa, wala hakutumia bakora. Alimpa kijana kiasi akiwezacho, akamwonyesha faida yake siku ile ile. Kijana aliporudi Tanta mwaka ule ule alikuta Ajurumia ni ile ile na walimu ni wale wale, lakini safari hii akawafahamu. Sheikh Abduh mwenyewe alipoandika khabari za maisha yake aliyaeleza haya kwa urefu, akasema kuwa sehemu kubwa ya wanafunzi hupatwa na masaibu kama yake, isipokuwa wao hawampati Sheikh Darwish. Hubaki wakijidhania kuwa wanasoma, hata wawe watu wazima, kisha hutoka wakawa mzigo kwa watu. Mimi naona mambo yote aliyoyafanya baadaye yalitoka katika ule mwaka mmoja na nusu uliopotea.

Mwaka 1866 akenda Kairo kuingia Azhar. Msikiti huu walianza kuujenga Mafatimi mwaka 970, na katika zama za Sheikh Abduh ulikuwa na wanafunzi kwa maelfu, waliotoka Misri yote na nchi za mbali, nao wakikaa kwa riwaki, yaani kila watu wa nchi moja na mahali pao na wakfu wao: Washami, Wamaghribi, Waturuki, Wasaidi, na Majabarti wa upande wa Uhabeshi. Elimu ilikuwako, na maulamaa wakubwa walikuwako. Nidhamu ndiyo iliyokuwa haiko. Mwanafunzi aliingia apendapo, akakaa penye nguzo ya sheikh amtakaye, akasoma kitabu akitakacho, akiwa tayari kukifahamu au asiwe. Hapakuwa na daftari la mahudhurio. Likizo zilikuwa nyingi na hazina hesabu. Mtu aliweza kukaa humo miaka ishirini, asiulizwe hata siku moja amefika wapi. Kweli, mwaka 1872, katika zama za Sheikh Muhammad Al-Abbasi Al-Mahdi, ilitolewa kanuni ya mtihani kwa anayetaka kuwa mwalimu: elimu kumi na moja, mbele ya maulamaa sita, na daraja tatu za kufaulu. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini ni sawa na kuweka mlango wa kutokea katika nyumba ambayo haina njia iliyopangwa ya kuufikia.

Katika miaka hiyo ndipo alipokuja Kairo Sayyid Jamaluddin Al-Afghani, mwaka 1871, na Muhammad Abduh akashikamana naye. Aliyoyapata kwake ni mengi, na wengi wameyaandika. Kwa shauri letu hili yatosha kusema kuwa Sayyid Jamaluddin alimwonyesha kuwa vitabu vya mantiki na falsafa na tarikhi si vya kupambia makabati, na kwamba umma usiojua ulipo hauwezi kupanga uendako. Mwaka 1877 Muhammad Abduh aliingia katika mtihani wa ualimu. Baadhi ya wajumbe walikuwa wameazimu kumwangusha kwa sababu ya usuhuba wake na Sayyid, lakini Sheikh Al-Abbasi alisimama upande wa haki, na kijana akapewa shahada ya daraja ya pili.

Akaanza kusomesha Azhar, na mwaka 1878 akatiwa pia kuwa mwalimu wa tarikhi katika Darul-Ulum. Huko alisomesha Mukadima ya Ibnu Khaldun, kitabu kisichokuwa kikisomeshwa. Baadaye alijaribu kumshawishi Sheikh Al-Inbabi, aliyekuwa Sheikh wa Azhar, akubali Mukadima isomeshwe humo. Jawabu aliyoipata ni kuwa si ada kusomesha kitabu hicho. Hakuambiwa kuwa kitabu kina kosa, wala kuwa wanafunzi hawatakifahamu. Ndugu zangu, hujja hii ya kuwa jambo si ada twaijua wote hapa kwetu, na nyumba zake ni nyingi.

Mwaka 1879 Sayyid Jamaluddin alifukuzwa Misri, na Sheikh Abduh akaondolewa kazini akaamrishwa kukaa kijijini kwao. Mwaka wa pili waziri Riyadh Pasha akamwita, akamtia katika uandishi wa gazeti la serikali, Al-Wakai Al-Misriyya. Kazi ya gazeti lile ilikuwa kutoa amri na matangazo, lakini Sheikh alilifanya kuwa kipimo. Alichunguza skuli za serikali, akaandika upungufu wake waziwazi, na maneno yake yakaleta kuundwa Baraza Kuu la Elimu mwaka 1881, naye akawa mmoja katika wajumbe wake. Kisha ikaja fitina ya Urabi Pasha, Waingereza wakaingia Misri mwaka 1882, na Sheikh akahukumiwa kuhamishwa nchi kwa miaka mitatu.

Alikwenda Beirut, kisha mwaka 1884 akamfuata Sayyid Jamaluddin Paris, wakatoa pamoja gazeti la Al-Urwa Al-Wuthka, nambari kumi na nane, kisha likafungwa. Hapo ndipo njia za watu hawa wawili zilipoachana. Inasimuliwa kuwa Sheikh Abduh alimpa Sayyid shauri waache siasa, waende mahali pa mbali pasipo jicho la mtawala, wachague vijana kumi wenye akili, wawalee na kuwasomesha, kisha kila mmoja katika hao alee kumi wengine. Sayyid alimwona amevunjika moyo. Watu wa leo wana khitilafu katika jambo hili, nani alikuwa na haki. Lakini mwenye kutazama atauona hapa mpango wa mwalimu: ni watu wangapi, watafunzwa na nani, na miaka kadha itakapopita watakuwa wamefika hesabu gani. Sayyid alikuwa mtu wa kuwasha moto. Huyu alikuwa mtu wa kupanda mti.

Aliporudi Beirut mwaka 1885 alitiwa mwalimu katika Madrasa Sultaniyya. Darsa zake za tauhidi za huko ndizo zilizokuwa asili ya kitabu chake Risalatut-Tauhid, kilichopigwa chapa mwaka 1897. Huko huko aliandika waraka akaupeleka Istanbul kwa Sheikhul-Islam, juu ya kutengeneza mafunzo ya dini katika dola ya Kiosmani. Waraka huu wastahiki kutazamwa vizuri. Aliwagawanya watu wanaosoma katika tabaka tatu. Wa kwanza ni watu wa kazi na biashara na kilimo. Hawa watoke wakijua itikadi iliyo sahihi, halali na haramu, na kipande cha tarikhi ya dini yao, kwa lugha wanayoifahamu. Wa pili ni wale watakaokuwa makadhi na maakida wa jeshi na watu wa serikali, hawa wazidishiwe. Wa tatu ni wale watakaokuwa walimu na waongozi, nao ndio wanaohitaji kuzama katika elimu.

Naona ndani ya mgawanyo huu mna jambo ambalo hata sasa halijatufikia. Sisi twampa mtoto wa mvuvi na mtoto atakayekuwa kadhi kitabu kimoja, kwa mtindo mmoja, kana kwamba wote wawili wataketi juu ya msala wa fatwa. Kisha yule wa kwanza akiondoka katikati ya njia twasema ameshindwa na elimu. Huenda mtoto akakhitimu Safina, na matini yote anayo kichwani, lakini akisahau rakaa asijue la kufanya. Hapo lawama ni ya nani?

Mwaka 1888 Khedive Taufik akamsamehe, akarudi Misri. Alitaka kurejea kusomesha. Khedive hakukubali, kwa kuchelea nguvu yake juu ya vijana, akamfanya kadhi katika mahakama za kienyeji, kwanza Benha, kisha Zagazig, kisha Kairo, mpaka akapanda kuwa mshauri katika mahkama ya rufaa. Mtu aliyetaka kusomesha akafanywa hakimu! Lakini hakukaa bure. Katika miaka hiyo, naye amekwisha pita miaka arubaini, alijifunza Kifaransa mpaka akaweza kusoma vitabu, na baadaye akakifasiri kwa Kiarabu kitabu cha Mwingereza Herbert Spencer kihusucho malezi na mafunzo.

Mwaka 1892 Khedive Taufik alikufa, akakaa mwanawe Abbas Hilmi, kijana aliyetaka kujijengea jina. Sheikh Abduh aliona mlango umefunguka. Akamweleza Khedive kuwa kuna mambo matatu ambayo Waingereza hawayagusi kwa kuwa ni ya dini, nayo ni Azhar, na wakfu, na mahakama za sharia. Na kuwa akiyatengeneza hayo atakuwa ameitengeneza Misri. Khedive alikubali. Mwezi wa Januari 1895 likaundwa Baraza la Idara ya Azhar, lenye maulamaa wa madhehebu, na pamoja nao watu wawili waliowekwa na serikali: Sheikh Abduh na rafiki yake Sheikh Abdul-Karim Salman. Sheikh Al-Inbabi alikuwa mgonjwa, akaondoka, na mahali pake akawekwa Sheikh Hassuna An-Nawawi, mtu aliyekuwa tayari kufanya kazi pamoja nao.

Msomaji atadhani kuwa jambo la kwanza alilolishika lilikuwa ni vitabu. Sivyo. Jambo la kwanza lilikuwa mishahara. Walimu wengi wa Azhar walikuwa wakiishi kwa mikate ya wakfu na hidaya, na kidogo kilichokuwapo kilikuwa kikigawanywa kwa mapenzi ya Sheikh wa Azhar, aliye karibu naye akapata na aliye mbali akakosa. Sheikh Abduh alitafuta fedha katika hazina ya serikali na katika wakfu, kisha akaweka kanuni ya daraja, kila mwalimu akajua haki yake pasina kwenda kumbusu mtu mkono. Majoho ya heshima nayo yakatiwa katika kanuni. Alifahamu kuwa mwalimu mwenye njaa ukimwambia abadilishe namna yake ya kusomesha hakusikilizi, na ana udhuru.

Jambo la pili lilikuwa mahali penyewe. Mikate ya wanafunzi iliongezwa. Vyumba vyao vikatengenezwa, maji ya mifereji yakaingizwa, taa zikabadilishwa, akawekwa daktari na duka la dawa. Mambo haya mtu huweza kuyaona madogo. Mwezi wa Juni 1896, kipindupindu kilipokuwa Kairo, wakubwa wa afya walikuja kumchukua mgonjwa katika riwaki ya Washami. Wanafunzi wakakataa, ghasia ikazuka, na polisi wakapiga risasi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kusema kuwa usafi wa chuo si katika shughuli za elimu.

Kisha ikajengwa nafasi ya idara, kwani kabla ya hapo kazi za Azhar zilikuwa zikifanywa nyumbani kwa Sheikh wake. Siku za kusoma na siku za likizo zikaandikwa, na miezi ya darsa ikazidi. Na vitabu! Azhar ilikuwa na vitabu vya kuandikwa kwa mkono visivyopatikana pengine, vimetawanyika katika riwaki na misikiti, vyaliwa na mchwa na vyaibwa. Vikakusanywa, vikahesabiwa, na mwaka 1897 ikafunguliwa maktaba ya Azhar, ambayo ingalipo mpaka leo.

Ndipo tunapofika kwenye kanuni ya mwaka 1896, nayo ndiyo moyo wa khabari yetu. Kanuni hii iliweka umri wa kuingia kuwa miaka kumi na mitano, na ikamtaka mwanafunzi awe ajua kusoma na kuandika, na amehifadhi nusu ya Kurani kwa uchache, na kipofu aihifadhi yote. Ikaweka shahada mbili: Ahliyya baada ya miaka minane, na Alimiyya baada ya miaka kumi na miwili. Sasa mwanafunzi, na baba aliyeuza ng'ombe wake ili amsomeshe, wakajua kuwa njia ina mwanzo na ina kituo cha katikati na ina mwisho.

Ndani ya kanuni hiyo elimu zote ziligawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza liliitwa makasid, yaani makusudio: tauhidi, tafsiri, hadithi, fikihi, usuli na akhlaki. La pili liliitwa wasail, yaani vyombo vya kufikia makusudio: nahau, sarufi, balagha, mantiki, mustalahi ya hadithi, hisabu na aljebra. Na ikaamrishwa kuwa makusudio yapewe wakati mwingi kuliko vyombo. Maulamaa wote walikuwa wakiujua mgawanyo huu kwa maneno. Umo katika vitabu vya kale. Lililokuwa jipya ni kuutia katika saa za darsa. Kwani hali ilivyokuwa, mwanafunzi alimaliza ujana wake katika nahau, akabishana juu ya irabu ya bismillahi hata akachoka, na tafsiri ya Kurani, ambayo nahau iliwekwa kwa ajili yake, akaipata kwa uchache au asiipate. Chombo kilikuwa kimekalia kiti cha makusudio.

Kanuni ikakataza pia kuwasomesha wanafunzi hawashi katika miaka minne ya mwanzo. Hawashi, kwa asiyejua, ni maandiko ya pambizoni: iko matini, juu yake iko sherehe, na juu ya sherehe iko hashia yenye kuyabishia maneno ya sherehe. Mwanafunzi mpya akiingizwa humo, hajaijua bado masala yenyewe naye anasikia ugomvi wa watu saba juu yake. Sheikh alitaka mtoto aifahamu masala kwanza, kisha aje asikie khitilafu. Huyu ndiye yule kijana wa Tanta anayesema. Hisabu na aljebra zikafanywa lazima, kwa hujja ambayo mjuzi wa mirathi hawezi kuikataa. Jiografia na tarikhi na insha zikawekwa kwa mwenye kutaka, na mwenye kuzijua akatangulizwa.

Misikiti ya elimu ya Tanta, Disuki, Dimyati na Iskandaria ikaungwa na Azhar katika nidhamu. Naye mwenyewe akawa akisomesha. Tangu mwaka 1899 alikuwa akitoa darsa ya tafsiri usiku, mpaka akafika katika Suratun-Nisaa, na mwanafunzi wake Rashid Ridha akiyaandika katika jarida lake Al-Manar, lililoanza mwaka 1898. Jarida hilo lilivuka bahari. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, alikuwa katika wasomaji wa maandishi ya watu hawa wawili, na mtu akisoma alivyoandika yeye juu ya vyuo na skuli zetu atakutana humo na harufu ya Azhar.

Mwezi wa Juni 1899 Sheikh Abduh aliwekwa kuwa Mufti wa Misri. Mwaka ule ule alizunguka akazikagua mahakama za sharia, akaandika taarifa ndefu. Alikuta majumba mabovu, makarani wenye mishahara ya kuwaita kwenye rushwa, na makadhi waijuao fikihi kwa matini wasijue kuitumia katika daawa ya mke na mume walio mbele yao. Hapa aliifanya kazi ambayo kila mwenye chuo ingemfaa aifanye: alikwenda kuwatazama waliokwisha toka. Maana makadhi wale ndio matunda ya Azhar. Kutokana na taarifa hiyo akapanga skuli mahsusi ya kuwafundisha makadhi.

Lakini mambo ya Azhar yalikuwa yamekwisha kugeuka. Sheikh Hassuna aliondolewa mwaka 1899. Aliyemfuata alikufa baada ya muda mfupi. Kisha akaja Sheikh Salim Al-Bishri, mjuzi mkubwa wa hadithi, asiyeyapenda matengenezo. Baraza likawa likikata shauri, na shauri likilala sandukuni. Mwaka 1903 akaja Sheikh Ali Al-Biblawi, kazi ikaenda kidogo. Khedive naye alikwisha kuchukia, kwani Sheikh Abduh alimzuia katika kubadilishana mali ya wakfu kwa namna iliyokuwa na faida kwa Khedive na hasara kwa wakfu, na akasimamia kanuni ya majoho hata pale Khedive alipotaka kumvika mtu wake. Magazeti yakafunguliwa kumtukana. Wapinzani wake hawakuwa wote watu wabaya, na insafu yatutaka tuliseme hili. Wengi walikuwa wacha Mungu waliochelea kuwa chuo kilichoihifadhi dini miaka mia tisa kitaharibiwa kwa haraka ya mtu mmoja aliye karibu na Waingereza. Na kweli alikuwa karibu nao. Lord Cromer ndiye aliyemkinga asiondolewe katika ufti. Hapo pana udhaifu wa mpango wake, nao ni mkubwa. Aliupanga mwaka wa kusoma, na mtihani, na mshahara, na maktaba, lakini nguvu ya kuyatekeleza yote aliitegemea mikononi mwa watawala, na walimu wa Azhar wenyewe wengi wao hawakuwa pamoja naye. Mkono ulipofumba, kazi ikasimama.

Mwezi wa Machi 1905 Sheikh Al-Biblawi alijiuzulu, akawekwa Sheikh Abdur-Rahman Ash-Shirbini. Khedive akatoa maneno ya wazi kuwa Azhar aitaka iwe mahali pa utulivu, na asiyeridhika na aende zake. Sheikh Abduh na Sheikh Abdul-Karim wakatoka katika Baraza. Alikuwa amelitumikia miaka kumi. Maradhi yalikwisha kumshika, naye akiazimu kusafiri; akafika Iskandaria, akafa huko tarehe 11 Julai 1905, akazikwa Kairo. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ile skuli ya makadhi hakuiona. Karatasi zake alizoziacha zilichukuliwa na mwanafunzi wake Saad Zaghlul, alipokuwa waziri wa elimu, na mwaka 1907 ikafunguliwa kwa jina la Madrasatul-Kadhaa Ash-Shar'i. Azhar yenyewe ilitolewa kanuni nyingine mwaka 1908 na mwaka 1911, na mwaka 1930 ikagawanywa kulliya tatu, ya Sharia, ya Usulud-Din na ya Lugha ya Kiarabu. Skuli ya makadhi haikudumu ila miaka ishirini na kitu. Katika waliosoma humo alikuwamo kijana mmoja aliyezaliwa mwaka 1898, akahitimu, akafa mwaka 1974 akiwa ameacha vitabu juu ya maimamu wanne wa madhehebu, kila imamu na kitabu chake, navyo vimo katika makabati ya masheikh wa pwani hii, hata wale ambao kwao jina la Muhammad Abduh halitajwi kwa wema. Kijana huyo ni Sheikh Muhammad Abu Zahra.